Chumba Kinachotazama Mto

Mkate ule ulimkwama Ornella kooni, akalazimika kuomba maji.

Haukuwa na kasoro. Ulikuwa mkate mweusi wa milimani kwao, umekatwa vipande vinene, umepakwa jibini ya mbuzi na kufungwa ndani ya kitambaa safi cha jikoni. Mama mkwe wake, Erminia, alikuwa ameamka kabla ya jogoo ili auandae. "Utakula njiani, mwanangu," alimwambia huku akimtilia kifurushi mkobani. "Hizo semina za kiwanda kazi yake kuwashindisha watu na njaa." Na Ornella, mjane aliyeheshimiwa bonde zima, akambusu yule mzee shavuni, akasema, "Asante, Mama," akapanda basi.

Semina ya kiwanda cha miwani alikofanya kazi haikuwepo. Aliyekuwepo ni Nereo, fundi wa vinanda vya makanisa, ambaye sasa alikuwa ameketi kando yake juu ya ukuta mfupi wa mfereji wa Buranelli, katikati ya mji wa Treviso, akiutafuna mkate wa Erminia kwa raha zake zote.

"Huyu mama ana mkono," alisema, akilamba jibini kidoleni. "Akishahamia huku mimi nitanenepa, nakuapia. Utanikataa."

Ornella alijaribu kucheka. Alichezea kile kitambaa, akakikunja, akakikunjua.

Nereo alimtazama. Alikuwa na macho mazito kama ya mtu aliyetoka usingizini, na kila alipomtazama hivyo Ornella alijihisi binti tena, asiyejua aweke wapi mikono yake. Walikutana kwenye kanisa la kijiji cha jirani, Nereo alipokuja kutengeneza kinanda na Ornella akiwa kwenye kwaya. Fundi alimwomba aimbe noti moja ili apate kulinganisha sauti. Akaimba. Noti ile kazi yake iliisha upesi, lakini fundi akamwomba aimbe tena, na tena, mpaka wanakwaya wenzake wakaanza kukohoa kwa makusudi.

"Basi?" Nereo aliuliza.

"Basi nini?"

"Mji ndio huu, au nao una kasoro? Bassano ulisema mto una kelele. Portogruaro ulisema watu wanalala mchana kweupe. Hapa utasema nini? Bata wana kiburi?"

Safari hii alicheka kweli. Maji ya mfereji yalipita mbele yao, ya kijani, polepole, yakizilamba kuta za nyumba za kale. Mierebi ilikuwa imeanza kutoa majani. Kutoka kisiwa kidogo chenye soko la samaki zilisikika sauti za wauzaji wakitaniana huku wakimwaga barafu. Ornella aliyatazama maji yale na moyo wake ukatulia, na ulipotulia tu, akaona haya.

Maana Renzo, mume wake, alichukuliwa na maji. Ulikuwa usiku wa dhoruba ya vuli, mto Cordevole ukashuka mlimani na miti na mawe, na Renzo akatoka kwenda kufungua ng'ombe wa jirani. Ng'ombe waliokoka. Tangu siku hiyo Erminia hakuukaribia mto tena. Hata kwenda kanisani alizunguka njia ndefu ili asipite darajani. Huko Bassano, Ornella aliposimama juu ya daraja la mbao na kusikia mto ukinguruma chini yake, ilibidi Nereo amshike.

Na leo amefika mji ambao umezungukwa na maji, umekatwakatwa na maji, na anautaka. Mwanamke gani huyu?

"Chagua wewe," Nereo alikuwa akimwambia tangu kiangazi kilichopita. "Vinanda viko kila mji, mimi popote nitakula. Wewe ndiye umechoka kuitwa mjane wa Renzo kila ukienda kununua chumvi. Chagua mji, na Mama tutakwenda naye. Nyumba bila mama haina adabu."

Hapo ndipo Ornella alipodanganya. Alisema ameshazungumza na Mama. Alisema Mama amekubali.

"Nimeupenda," alisema sasa, kwa sauti ndogo.

"Sikusikia."

"Nimeupenda, Nereo. Usinisemeshe mara mbili."

Nereo aliuchukua mkono wake, akaugeuza kiganja juu, akakibusu pale katikati hadharani, mchana, mbele ya mama mmoja aliyekuwa akitandaza shuka dirishani ng'ambo ya mfereji.

"Mbebe tu uende naye nyumbani!" yule mama alipaza sauti.

"Ndiyo nyumba ninayomtafutia, bibi!" Nereo alimjibu.

*

Nyumba yenyewe ilikuwa nje kidogo ya ukuta wa zamani wa mji, kando ya mto Sile, na mwenye nyumba alikuwa Bi Zita, mwanamke mwembamba mwenye midomo iliyopakwa rangi nyekundu na ulimi usiojua kupumzika.

"Mmeoana?" aliuliza kabla hata hajawafungulia geti.

"Tunaelekea huko," alisema Nereo.

"Elekeeni upesi. Majirani zangu hawana kazi."

Akawapitisha jikoni, akawasifia bomba, akawasifia jiko, akalisifia hata jua. Mwishoni akafungua mlango wa chumba cha chini. Kilikuwa chumba kipana chenye dirisha linalofika karibu na sakafu, na nje ya dirisha kulikuwa na bustani ndogo. Mbele ya bustani mto ulipita kimya, na bata maji wawili weupe wakielea juu yake.

"Hiki ni cha Mama," alisema Nereo mara moja. Alitembea ndani akionyesha kwa mikono. "Kitanda hapa, asipigwe na baridi ya mlango. Kiti chake hapa. Asubuhi akiamka tu anawaona hawa. Mama yako anapenda bata?"

"Anafuga kuku," alisema Ornella.

"Kuku na bata ni ndugu, watazoeana."

"Njoo uone darini, bibie," Bi Zita alimshika Ornella mkono. "Kule ndiko mtakakolala. Wanaume hawaelewi mambo ya makabati."

Ornella alimwachia Nereo mkoba, akapanda ngazi. Huko juu alisimama dirishani akisikiliza habari za makabati kwa sikio moja. Chini yake aliona kichwa cha Nereo kikitokea bustanini, mkoba wake wa kike ukining'inia begani mwa mwanamume yule mrefu, na kichekesho kile kikamjaza upendo mpaka akashika fremu ya dirisha.

Ndipo simu ikalia ndani ya mkoba.

Nereo aliitoa, akasoma jina lililoandikwa pale, uso ukamng'aa.

"Usipokee," Ornella alinong'ona. Kisha akapiga kelele, "Nereo! Usipokee!"

Lakini Nereo alikuwa ameshaiweka simu sikioni, hakumsikia.

"Shikamoo, Mama!" sauti ya Nereo ilipanda mpaka darini, changamfu, ya mtu aliyesubiri sana siku hiyo. "Hapana, hujakosea namba. Ni Nereo mimi. Hatimaye nakusikia! Mama, tumekipata chumba chako. Kinatazama mto. Utakipenda, nakwambia..."

Ornella hakukumbuka alivyoshuka zile ngazi. Alipofika bustanini Nereo alikuwa amesimama na simu sikioni, haongei tena. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi. Alimkabidhi simu pasipo kumtazama.

"Mama?"

Sauti ya Erminia ilikuwa kavu na ya chini. "Ornella. Kuna mwanamume ananiambia nina chumba Treviso."

"Mama, nitakueleza. Mama, naomba..."

"Mbuzi amezaa. Pacha. Nilitaka kukwambia hilo tu."

Akakata.

*

Walitoka kwa Bi Zita kwa maneno ya haraka haraka, wakatembea kando ya Sile bila kushikana mikono. Nereo alikuwa mbele. Alipofika chini ya mti mmoja alisimama na kugeuka.

"Uliniambia amekubali."

"Najua."

"Uliniambia alicheka. Uliniambia amesema atapanda maua dirishani."

"Nilitunga."

"Na maua pia ulitunga?"

"Na maua pia."

Nereo alijishika kichwa. Laiti angefoka, Ornella angejua la kufanya. Alizoea kufokewa, baba yake alikuwa mfokaji. Lakini huyu aliongea polepole, na kila neno liliingia.

"Miaka miwili, Ornella. Miaka miwili napeleka salamu kwa mama asiyejua kama nimezaliwa. Krismasi nilimpa shali. Iko wapi shali yangu?"

"Nilimwambia nimeinunua mimi."

"Kwa hiyo anaivaa?"

"Kila Jumapili."

Nereo alicheka kicheko kibaya. "Mimi nina kosa gani, hebu niambie. Nimeiba? Nimetoka jela? Nina mke mahali? Maana mtu anayefichwa hivi huwa na jambo."

"Kosa ni langu."

"Hilo nalijua. Nauliza kwa nini."

Ornella alijaribu kueleza. Alisema jinsi Erminia, wiki ile ya mazishi, alivyomlisha kwa kijiko kama mtoto, yeye ambaye ndiye aliyempoteza mwana. Alisema jinsi ndugu zake Erminia walivyotaka aondolewe kwenye nyumba, na mzee akasimama mlangoni na ufagio mkononi, akasema atakayemgusa binti yake aanze na yeye. "Ana mimi tu, Nereo. Nitamwambiaje kwamba nakwenda kulala na mwanamume mwingine, tena kando ya mto? Kila jioni nilikuwa nafungua kinywa. Kila jioni alikuwa ananiwekea chakula."

"Sasa ukaona bora uniwekee mimi chakula cha uongo."

"Nilikuwa naogopa ungechoka kusubiri."

"Ningesubiri!" Hapo ndipo sauti ilipompanda, bata wakashtuka. "Ningesubiri mpaka nywele zing'oke. Lakini ungeniambia kwamba nasubiri! Mimi nilidhani tumeshafika."

Ornella alimwona akifuta macho kwa mgongo wa mkono wake, mkono ule wenye harufu ya mbao na gundi, akatamani kuukamata. Hakuthubutu. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wakubwa, na yake ilikuwa imeishia hapa, kwenye mji alioupenda kuliko yote.

"Naenda nyumbani," alisema. "Naenda kwa treni. Usinipeleke, sistahili."

"Sikusudii kukupeleka," alisema Nereo. Akamrudishia mkoba, na kitambaa cha mkate kikiwa juu yake, kimekunjwa vizuri.

*

Alimkuta Erminia kwenye banda la mbuzi, amepiga magoti kwenye majani makavu, kitoto kimoja cha mbuzi kifuani. Hakuinua kichwa.

"Semina ilikuwaje?"

"Mama."

"Nauliza semina. Siku hizi kiwanda chenu kinatengenezea miwani majini?"

Ornella alipiga magoti pale pale mlangoni, na koti lake zuri. "Nimekukosea, Mama. Nipige ukitaka."

"Nikupige, mimi nina nguvu hizo?" Erminia alikisogeza kitoto kwenye chuchu ya mama yake. "Unadhani mimi mjinga. Unakwenda kuzungumza na simu kwenye ghala la kuni, unacheka. Kuni zinachekesha nini? Shali ile, umeniambia umeinunua wewe. Wewe? Tangu lini ukajua kuchagua rangi? Nilikuwa najua, Ornella. Jina tu ndilo sikulijua."

"Ulijua?"

"Nilijua nikanyamaza. Nikasema, huyu ni binti yangu, ataniambia. Leo ataniambia. Nikakupikia, nikakaa, nikakutazama. Unakula, unaosha vyombo, unaniaga, unakwenda kulala." Sauti yake ilitetemeka kwa mara ya kwanza. "Mtu anaweza kupata mwanamume, si dhambi. Lakini mimi kuambiwa habari za nyumbani kwangu na mgeni, kwenye simu, mikono yangu imejaa damu ya mbuzi! Hivyo ndivyo nilivyokulea?"

Ornella alilia tu kwa kwikwi. Erminia hakumgusa, ila baada ya muda alisema, "Msamaha leo sina, usiutafute. Polenta ndiyo iko jikoni. Nenda kaikoroge isigande."

Ornella alikuwa bado anaukoroga ule ugali wa mahindi, jua likiwa limejificha nyuma ya mlima, gari liliposimama nje na mlango ukabishwa. Erminia ndiye aliyefungua. Nereo alikuwa amesimama kizingitini na tope viatuni, kofia mkononi.

Mzee alimpima kutoka juu hadi chini, taratibu.

"Wewe ndiye wa simu?"

"Ndiye mimi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mrefu hivi, utagonga kichwa kwenye boriti."

Akagonga. Ornella, moyo ukimwenda mbio, alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nereo alimtupia jicho moja la haraka, lenye uchungu bado na kitu kingine nyuma ya uchungu, kisha akaketi pale alipoonyeshwa. Ilikuwa upande wa dirisha. Kiti cha Renzo kilibaki wazi, na hakuna aliyekitaja.

"Huo mto wenu," Erminia alisema baada ya wote kuandaliwa na hakuna aliyekula, "unafurika?"

"Si kama wa huku, Mama. Hautoki mlimani. Unatoka chini ya ardhi, kwenye chemchemi. Kiangazi na masika unakwenda vile vile."

"Mto ni mto."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi siji huko. Nikiwa hai siendi kulala kando ya maji. Hata ukiniwekea bata wa dhahabu."

"Nimeelewa." Nereo aliweka uma chini. "Lakini sikuja kukuhamisha. Nimekuja kumposa Ornella. Sina pete hapa, na yeye mwenyewe nimemkasirikia sana leo. Ila nimekuja."

Erminia alimkodolea macho. "Unamposa kwangu? Kwa mama wa mume wake? Una akili sawa?"

"Wazazi wake wamekufa. Nilimuuliza siku za mwanzo, nikitaka kukuoa nizungumze na nani? Akaniambia mama yangu ni mmoja, ni Erminia."

Erminia alimgeukia Ornella.

"Ulimwambia hivyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hilo nalo ulitunga?"

"Hilo sikutunga."

Yule mzee aliinama, akapangusa meza iliyokuwa safi. Alipangusa mahali pale pale mara nyingi. "Basi sema kwa kinywa chako," alisema mwishowe. "Mbele yangu na mbele yake. Unakwenda au huendi? Tusikie kweli moja ndani ya nyumba hii."

Ornella alimtazama Nereo, ambaye hakumsaidia. Ilikuwa rahisi sana kusema siendi. Neno lilikuwa tayari ulimini, tamu, la binti mwema, na angelisema, wangelala wote salama, na ungekuwa uongo mkubwa kuliko mwingine wote.

"Naenda, Mama," alisema. "Nimeuchagua mji ule. Nimeupenda. Nimeyapenda hata maji yake, Mungu na Renzo wanisamehe. Na ninampenda huyu. Naenda."

Erminia aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokwisha kuijua.

"Haya. Harusini msinitegemee. Mama wa Renzo hawezi kukaa kiti cha mbele mke wa Renzo akiolewa, watu wana macho. Na nitakasirika mpaka Pasaka ipite, pengine na zaidi, kwa hiyo usinipigie kila saa kuniuliza kama nimepoa." Alivuta pumzi. "Lakini nenda. Nyumba hii imeshazika mmoja. Sikukuweka humu ili niwazike wawili."

Ornella alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa laana, hata kwa kufukuzwa. Kwa kuruhusiwa hakuwa amejiandaa. Aliteremka kitini mpaka sakafuni, akamwekea yule mzee kichwa pajani, na hatia ikamjaa kifuani nzito kuliko ilivyokuwa asubuhi, maana sasa haikuwa na mahali pa kujificha.

Mkono wa Erminia ulibaki hewani kwa muda. Kisha ukashuka juu ya nywele zake.

"Kula," alimwambia Nereo, bila kumtazama. "Inapoa."